Nyumba ya Mwanafunzi Maskati: Kodi, Joto na Masafa

Maskati ni mji uliobanwa. Upande mmoja una bahari, upande wa pili una milima ya Hajar, na watu wamejenga katikati, kwenye ukanda unaoanzia Muttrah na Ruwi mashariki hadi Seeb na Mabela magharibi, mwendo wa kilomita zipatazo 50. Barabara kuu mbili, ile ya Sultan Qaboos iliyo upande wa pwani na ile ya mwendo kasi inayopita karibu na milima, ndizo zinazobeba safari nyingi za mji. Kwa hiyo anayetafuta nyumba Maskati hachagui mtaa tu. Anachagua pia kipande cha barabara atakachokuwa nacho asubuhi na jioni kwa miaka minne au mitano.

Vyuo navyo vimetawanyika katika ukanda huo. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofungua milango mwaka 1986, kiko Al Khoudh katika wilaya ya Seeb. Middle East College iko Rusayl, ndani ya eneo la Knowledge Oasis Muscat. Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi za Matumizi, kilichozaliwa mwaka 2020 kwa kuunganisha vyuo vya ufundi na vya sayansi za matumizi, kina tawi lake la Maskati Al Khuwair, jirani na wizara. Chuo cha teknolojia cha Kijerumani, GUtech, kiko Halban, magharibi kuelekea Barka. Mwanafunzi wa Al Khuwair akifuata ushauri wa rafiki yake wa Al Khoudh kuhusu mtaa mzuri wa kukaa, anaweza kujikuta kilomita 25 mbali na darasa lake. Ushauri wa nyumba Maskati hauna maana mpaka kwanza ijulikane lango la chuo liko wapi.

Wanaotafuta nyumba hawafanani. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kina dahalia za wanafunzi wa kike ndani ya chuo, na wanaume hupewa posho wakajitafutie makazi nje. Ndiyo sababu mitaa ya Al Khoudh, Al Hail na Mawaleh imejaa vijana wa kiume waliotoka Nizwa, Ibra, Sur, Ibri, hata Salalah iliyo umbali wa kilomita 1,000 hivi. Wengi wao hurudi kwao mwisho wa wiki, ambao tangu Mei 2013 ni Ijumaa na Jumamosi. Mtu wa aina hii analala mjini usiku tano kwa wiki, pengine nne. Anahitaji kitanda, meza, mahali pa kuegesha gari na njia nyepesi ya kutokea barabara ya Nizwa pale njia panda ya Burj al Sahwa. Sebule kubwa na jiko la kifahari kwake ni fedha inayokaa bure. Mwanafunzi aliyetoka Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam hali yake ni nyingine kabisa. Yeye hana pa kwenda Alhamisi jioni, anapika kila siku, na nyumba hiyo ndiyo kwao mpaka likizo kubwa. Anayelala pale usiku saba ana haki ya kutumia zaidi kwenye nyumba yenyewe, na asione haya kufanya hivyo.

Kwa Waswahili lipo jambo jingine la kufikiriwa kabla ya dalali, nalo ni jamaa. Tangu mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, familia nyingi zenye asili ya Afrika Mashariki zimehamia na kukaa Maskati, na ni nadra kijana wa Kizanzibari kufika huko asiwe na mjomba, shangazi au mtu wa kwao wa karibu. Mlango huwa wazi, na ukarimu huo ni wa kweli. Lakini nyumba ya jamaa isiyo na kodi ina gharama yake, na ni heri gharama hiyo ihesabiwe mapema kuliko kugunduliwa katikati ya muhula. Kwanza masafa: nyumba ya mjomba iliyo Wadi Kabir ni mwendo mrefu kwenda Al Khoudh, na foleni za asubuhi zinaongeza. Pili ni wajibu wa nyumbani. Kijana anayekaa kwa watu hawezi kujifungia chumbani wageni wanapofika, na hawezi kukataa akitumwa dukani au akiombwa kuwapeleka watoto shule. Wiki ya mitihani, hayo huwa mazito. Tatu ni stara. Nyumba yenye mabinti wakubwa huwataka wenyewe wajibane kwa ajili ya mgeni wa kiume, hata kama hawasemi. Nyumba nyingi za Omani zina majlisi, yaani chumba cha wageni, yenye mlango wake wa nje, na pale ambapo majlisi hiyo ina choo chake, jambo hili huwa jepesi. Pasipo na mlango wa pili, mara nyingi ni bora mwanafunzi apange kwingine na kwa jamaa aende Ijumaa, kula wali pamoja nao.

Wasichana wanaosoma vyuo visivyo na dahalia zake wenyewe, na wale wasio na jamaa, kwa kawaida huingia dahalia za binafsi, majengo ya ghorofa yenye msimamizi wa kike, saa maalumu ya kufunga lango na basi la kwenda chuoni. Wazazi hutazama lango, nao wana sababu. Lakini yapo mengine ya kuulizwa. Je, basi linafuata ratiba ya masomo, au linaondoka mara mbili tu kwa siku, na mwenye kipindi kimoja cha saa nne asubuhi akae chuoni mpaka alasiri? Kuna jiko la kupikia, au chakula hununuliwa kila siku? Maabara ikichelewa kumalizika, msimamizi hupokea barua ya chuo au huandika kosa? Wanalala wangapi chumbani? Dahalia yenye bei ya juu kidogo lakini yenye jiko hurudisha tofauti hiyo ndani ya mwezi, kwa sababu chakula cha kununua ndicho kinachomaliza posho ya mwanafunzi kuliko kitu kingine.

Sasa kuhusu fedha. Kosa kubwa linalofanywa ni kulinganisha nyumba kwa kodi peke yake. Rial ya Omani ni fedha nzito, inakaribia dola 2.60 za Marekani, na tofauti ya rial 20 inayoonekana ndogo kwa macho si ndogo kwa anayetumiwa fedha kutoka Afrika Mashariki. Hesabu ya haki ni ya mwaka mzima: kodi, umeme, maji, gesi, intaneti na usafiri, vyote pamoja, kisha vigawanywe kwa wakaaji. Chukua mfano wa kubuni. Wanafunzi watatu wa Al Khoudh wanachagua baina ya fleti ya rial 240 kwa mwezi, ambayo kutoka kwake wanakwenda chuoni kwa miguu, na fleti ya rial 180 iliyo Mabela. Kwa kila mmoja tofauti ni rial 20. Kama kwenda na kurudi kutoka Mabela kunamgharimu mtu rial moja kwa siku, na mwezi una siku 22 za masomo, nyumba iliyoonekana rahisi imekwisha kuwa ghali kwa rial mbili, na bado muda wa njiani haujahesabiwa. Hesabu hiyo hugeuka mmoja wao akiwa na gari na wote wakichangia petroli. Basi kabla ya kujadili mtaa, kundi lijiulize nani ana gari, na ikiwa mwenye gari atabaki nao mpaka mwisho wa mkataba.

Kwa asiye na gari, mabasi mekundu ya Mwasalat ni neema. Shirika hilo, lililojulikana zamani kwa jina la Oman National Transport Company, lilichukua jina la sasa mwaka 2015 na kuanzisha njia zinazopita barabara kuu, na Burj al Sahwa ndiyo njia panda ya mabasi ya upande wa Seeb. Basi lina ubaridi na nauli yake ni ndogo. Tatizo liko kati ya kituo na mlango wa nyumba. Mita 800 za kutembea mwezi Januari ni matembezi mazuri, na mita hizohizo mwezi Juni saa saba mchana, pasipo mti wala kivuli, ni hatari kwa afya. Nyumba iliyotangazwa kuwa "karibu na basi" ipimwe kwa miguu mchana wa jua, na ijulikane pia basi la mwisho hupita saa ngapi, hasa kwa anayesoma maktaba usiku.

Joto ndilo linalotofautisha hesabu ya Maskati na ya miji mingine ya wanafunzi. Kuanzia Mei hadi Julai digrii 40 ni jambo la kawaida, na usiku haupozi. Mwezi Juni 2018 huko Quriyat, wilaya ya mashariki ya mkoa huohuo wa Maskati, kwa saa 24 nzima joto halikushuka chini ya digrii 42.6, rekodi iliyotangazwa duniani kote. Katika hali hiyo kiyoyozi kinafanya kazi mchana na usiku, na bili ya umeme ya Juni haina udugu na ya Januari. Anayeiona nyumba wakati wa baridi na kuuliza bili ya mwezi uliopita amejidanganya mwenyewe. Bili ya kuomba ni ya Juni au Julai iliyopita, na mwenye nyumba mwaminifu hana sababu ya kuificha.

Umeme wa Omani huuzwa kwa ngazi. Uniti za mwanzo za kila mwezi ni rahisi, na kadiri matumizi yanavyopanda ndivyo kila uniti inayofuata inavyokuwa ghali zaidi. Hapo ndipo mita inapokuwa muhimu kuliko rangi ya ukuta. Majumba mengi makubwa yamegawanywa vyumba vya kupangisha, au yamejengewa vyumba vya pembeni ndani ya ua, na yote yanasoma kwenye mita moja. Matumizi ya watu kumi yakijumlishwa hufika ngazi za juu upesi, kisha bili hugawanywa sawa kwa wote, akiwemo aliyekwenda kwao wiki mbili. Nyumba yenye mita yake peke yake inastahili kuongezwa kodi kidogo. Pale ambapo mwenye nyumba anasema umeme umo ndani ya kodi, itazamwe kama mkataba unaweka kikomo cha matumizi, maana kikomo hicho huonekana kiangazi kikifika.

Kuitazama nyumba kwenyewe kuna wakati wake, nao ni saa nane au tisa mchana. Mgeni awashe viyoyozi vyote pamoja na kuviacha robo saa, asikilize kama kimojawapo kinagonga, aangalie kama maji yanadondoka ukutani. Kiyoyozi cha dirishani, kizito na chenye kelele, kwa kawaida hula umeme kuliko kile chenye mashine iliyotenganishwa na kuwekwa nje. Kisha aweke kiganja kwenye ukuta wa magharibi na kwenye dari. Ghorofa ya juu kabisa hupokea jua lote la paa, na ukuta wa magharibi usio na kivuli huendelea kutoa joto mpaka usiku wa manane. Chumba kimoja katika jengo lilelile, ghorofa mbili chini na upande wa kaskazini, kinaweza kuwa na kodi sawa na bili ndogo zaidi.

Afungue pia bomba la maji baridi. Matangi ya Maskati hukaa juani, juu ya paa, na kiangazi maji "baridi" hutoka yakiwa ya kuunguza. Wenyeji wana njia yao: hita ya bafuni huzimwa miezi hiyo, na tangi lake dogo lililo ndani ya nyumba huwa ndilo ghala la maji yaliyopoa, basi anayetaka kuoga hufungua bomba la moto. Njia hiyo inahitaji hita iliyo ndani ya nyumba na yenye ujazo wa kutosha, na ni jambo la kutazamwa, hata kama linaonekana dogo. Katika mitaa ambayo bado haijaunganishwa na mabomba ya maji safi au ya maji machafu, magari huleta maji na magari mengine huja kunyonya shimo la choo. Iandikwe nani anayeyaita na nani anayelipa.

Kuhusu intaneti hakuna la kusema sana. Mikataba ya waya mara nyingi humfunga mteja mwaka au zaidi, kwa hiyo kifaa cha kuhamishika cha Omantel, Ooredoo au Vodafone humfaa zaidi mpangaji wa muda mfupi, mradi mawimbi yajaribiwe ndani ya chumba chenyewe.

Mwaka wa nyumba na mwaka wa chuo havilingani. Mkataba wa kawaida ni wa miezi 12, na masomo hukaa baina ya Septemba na Juni. Mwanafunzi anayesafiri likizo hulipa kodi ya Julai na Agosti kwa vyumba vitupu. Wenye nyumba wa Al Khoudh wanaijua mitaa yao na baadhi yao hukubali miezi 10, au nusu kodi kiangazi, lakini hilo linaombwa kabla ya kutia saini, na lina nguvu zaidi likiombwa na kundi lililokwisha timia kuliko mtu mmoja anayesubiri wenzake. Wakati mzuri wa kutafuta ni mwisho wa muhula wa pili, pale vijana wanaomaliza wanapohama, kwa sababu Septemba kila mtu anatafuta kwa wakati mmoja na dalali ndiye anayepanga bei.

Yapo majengo na mitaa ambayo vijana wasiooa hawakubaliwi. Tangazo huandikwa kwa Kiarabu kwamba nyumba ni ya familia tu, na maelewano ya jamii juu ya hilo ni makali. Kuingia kwa ujanja, kwa kuandikisha mkataba kwa jina la jamaa mwenye mke, huishia kwa majirani kulalamika na wapangaji kutolewa katikati ya mitihani. Bawabu wa jengo ndiye anayejua ukweli wa mahali: kama wanafunzi wengine wanakaa, kama maji hukatika, kama mwenye nyumba hutengeneza kiyoyozi siku hiyohiyo au baada ya mwezi. Dakika kumi za mazungumzo naye zina faida kuliko picha zote za tangazo.

Kisha kuna mabonde. Maskati hupata mvua chache, na mgeni anaweza kuishi mwaka mzima bila kuelewa kwa nini kuna mto mkavu mpana katikati ya mtaa. Juni 2007 kimbunga Gonu kiliua watu wapatao 50 nchini Omani, kikafurisha Qurum, na maji ya bomba yakakatika siku kadhaa baada ya mitambo ya kusafishia maji ya bahari kusimama. Oktoba 2021 kimbunga Shaheen kiliporomosha mlima juu ya makazi ya wafanyakazi Rusayl, na watu wawili wakafa. Bwawa la Al Khoudh, lililojengwa mwaka 1985, hupokea maji ya bonde kubwa la eneo hilo, lakini vijibonde vingine havina kizuizi. Nyumba ya chini iliyo ukingoni mwa bonde huwa na kodi nafuu. Mwanafunzi atazame alama za maji ukutani, na aangalie kama njia pekee ya kwenda chuoni inakatiza bonde, maana barabara hizo hufungwa mvua inaponyesha.

Mkataba ndio mwisho wa utafutaji. Upangaji Omani unaongozwa na Amri ya Sultani namba 6 ya mwaka 1989 pamoja na marekebisho yake, na mkataba husajiliwa manispaa. Mkataba usiosajiliwa hauna nguvu mbele ya ofisi za serikali, na mpangaji aliyenyimwa haki yake hubaki na karatasi tu. Dalali anayesema usajili si lazima "kwa sababu nyinyi ni wanafunzi" anamhudumia mwenye nyumba. Malipo mara nyingi hutakiwa kwa hundi za tarehe za mbele, na hapo tahadhari ni kubwa: kutoa hundi isiyo na fedha benki ni kosa la jinai Omani. Kwa kundi, anayetia saini ndiye anayebeba hundi zote. Akiondoka mwenzake mmoja Februari, deni linabaki juu yake. Kwa hiyo wakaaji waandikiane wenyewe, hata karatasi moja ya mkono, nani analipa nini, lini, na anayetaka kuhama atoe taarifa ya muda gani au alete mtu wa kushika nafasi yake. Marafiki wa siku nyingi huona haya kuandikiana, na ni hao hasa wanaohitaji zaidi, kwa sababu wana urafiki wa kupoteza.

Siku ya kupokea funguo, namba za mita ya umeme na ya maji zipigwe picha pamoja na tarehe, na kila ufa, kila kigae kilichovunjika na kila samani iliyomo iorodheshwe na kutiwa saini na pande mbili. Picha na orodha hizo ndizo zitakazotumika siku ya kuhama, mita zitakaposomwa tena, bili ya mwisho kulipwa na kupewa stakabadhi, na mwenye nyumba kupita chumba kwa chumba kabla ya kurudisha dhamana. Taarifa ya kutoendelea na mkataba itolewe kwa maandishi miezi mitatu kabla haujaisha. Kwa mkataba unaoanza Septemba, hiyo ni Mei, wiki zilezile za mitihani ya mwisho, basi tarehe hiyo iwekwe kwenye simu siku ileile ya kutia saini.